Gari inakatika umeme njiani kisha inarudi: namna ya kuikamata hitilafu

Hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka inakula fedha za watu kuliko gari iliyokufa moja kwa moja. Gari iliyokufa haina shida kubwa: fundi anashika mita, anafuata waya mpaka pale umeme unapokomea, anatengeneza. Lakini ile inayozimika Tunguu, ikakaa kidogo ikawaka, ikafika gereji Mwanakwerekwe inanguruma vizuri, siku hiyo haina cha kupimwa. Basi inabadilishwa betri. Ikizimika tena, alteneta, ile mashine inayoichaji betri. Ikizimika tena, pampu ya mafuta. Mwisho mwenye gari anakuja na mfuko wa vifaa vizima alivyovitoa, na ugonjwa uko palepale.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Unguja, na msimamo wangu ni kwamba hitilafu ya aina hii anaikamata dereva kwanza, fundi anafuata. Dereva ndiye aliyekuwapo ilipotokea. Alichokiona kwenye dashibodi sekunde kumi za mwanzo kinaweza kupunguza kazi ya siku nzima ikawa ya nusu saa. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu ni ya kuangalia na kuandika, na spana zinakuja baadaye. Nimeuandika kwa gari za petroli zilizotoka Japani, maana ndizo zilizojaa visiwani: IST, Vitz, Noah, Alphard, Suzuki Carry na ndugu zao. Kwa haibridi (gari ya petroli yenye pia betri kubwa ya umeme wa kuiendesha) soma pia sehemu yake karibu na mwisho.

Kabla ya lolote: itoe gari barabarani

Injini ikizimika ukiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito ghafla. Haujakatika; unahitaji nguvu zaidi tu. Breki nazo zinabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kwa sababu kifaa kinachousaidia mguu wako kinategemea mvuto wa hewa wa injini. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipigepige. Weka gia N, elekea pembeni kushoto, washa taa za hatari kama zinawaka.

Ufunguo usiuzungushe mpaka mwisho wa kutolea wakati gari bado inatembea. Usukani unaweza kujifunga, na hapo hutaweza kukata kona tena.

Usiku, ikiwa taa zote zimekufa, hesabu kwamba hakuna anayekuona. Barabara nyingi za shamba ni giza tupu. Watu wote washuke wakae mbali na lami, weka pembetatu nyuma ya gari, mtu mmoja asimame na tochi ya simu akiwa pembeni. Mambo ya umeme yanaweza kusubiri hayo yafanyike.

Hatua ya 1: Soma dashibodi kabla hujagusa ufunguo

Watu wengi, gari ikizimika, mkono unakwenda kwenye ufunguo papo hapo. Zuia mkono. Ukizima swichi na kuwasha tena umefuta ushahidi. Angalia kwanza hali uliyomo, kwa sababu kuna hali tatu na kila moja ina njia yake.

Hali ya kwanza: kila kitu kimekufa. Taa za dashibodi hakuna, redio kimya, pengine hata honi hailii. Hapa umeme mkubwa wote umekatika, na wa kushukiwa ni temino za betri (vibano vya waya kwenye vichwa vyake), waya mkubwa, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini), fyuzi kuu, au swichi ya ufunguo. Namna ya kuwatenganisha ni saa ya redio. Saa inalishwa moja kwa moja kutoka betri hata ufunguo ukiwa mfukoni. Gari ikirudi kuwaka, itazame: ikiwa saa imeanza upya na stesheni ulizohifadhi zimepotea, basi umeme wa betri wenyewe ulikatika, anza kwenye temino na ethi. Ikiwa saa iko sawasawa, betri haikuachia. Tazama swichi ya ufunguo na rilei (swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme) zinazofuata baada yake. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na sijaona mteja anayekuja akiwa amekifanya. Jaribu pia honi na taa ndogo, kwa sababu hizo kwa kawaida hazipiti kwenye swichi ya ufunguo. Dashibodi imekufa lakini honi inalia? Swichi ya ufunguo iko mbele kwenye orodha.

Hali ya pili: injini imezimika lakini taa za dashibodi zinawaka zote, redio inaimba. Hapo usinunue betri. Kilichokatika ni moto wa plagi, au petroli, au umeme wa kompyuta ya injini. Sasa fanya haya mawili ukiwa umeegesha. Zima swichi, iwashe tena bila kupiga stata, uangalie ile taa ya manjano ya injini. Lazima iwake. Isipowaka, kompyuta haina umeme: rilei kuu ya mfumo wa sindano za mafuta, fyuzi yake, au swichi. Ikiwaka, piga stata huku macho yako yako kwenye mshale wa RPM. Katika gari nyingi mshale unanyanyuka kidogo, mizunguko mia mbili tatu hivi kwa dakika. Stata ikizungusha vizuri na mshale ukalala kwenye sifuri kabisa, sensa ya kranki (inayohisi mzunguko wa injini) ndiyo ya kwanza kuitwa, maana kompyuta haijui kama injini inazunguka, kwa hiyo haitoi moto wala petroli.

Kuna wanaosikiliza pampu ya mafuta kwa kuwasha swichi tu, na wasiposikia mngurumo wanasema pampu imekufa. Toyota nyingi za zamani hazizungushi pampu mpaka stata izunguke. Ukimya huo si ushahidi.

Hali ya tatu: gari inaendelea kwenda lakini umeme unafifia. Taa nyekundu ya betri inawaka au inapepesa, waipa zinatembea kwa uvivu, taa za mbele zimekuwa za manjano, halafu taa za ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) na usukani zinaanza kuwaka moja moja. Alteneta haichaji, na unakula akiba ya betri. Zima AC, redio, feni, usizime injini, nenda moja kwa moja mahali pa usalama. Mchana betri nzima inaweza kukufikisha. Usiku taa kubwa zinaimaliza haraka. Lakini jicho lako liwe kwenye joto la injini. Ikiwa mkanda umekatika, gari nyingi zinatumia mkanda huohuo kuzungusha pampu ya maji. Joto likipanda, simama.

Kama ni taa moja tu, kioo kimoja au redio inayokatika, hiyo ni kazi ya fyuzi, soketi na swichi yake, na haihitaji wasiwasi wa kiasi hiki.

Hatua ya 2: Andika, au jirekodi kwa sauti kwenye simu

Ukishakuwa salama, toa simu useme uliyoyaona. Usingoje kufika nyumbani. Sema dashibodi ilikuwaje, gari ilikuwa imetembea muda gani, barabara ilikuwaje (tuta, shimo, kona, mlima), mvua au jua, vitu gani vilikuwa vimewashwa, na nini kiliirudisha. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linalofumbua mambo.

Maelezo mazuri ni kama haya: «Ijumaa saa kumi jioni, natoka Paje. Baada ya tuta la pili la Jozani kila kitu kilizima. AC ilikuwa inafanya kazi. Nilifungua boneti nikaangalia, sikugusa kitu, nikaifunga kwa kishindo. Ikawaka. Saa ya redio imerudi mwanzo.» Fundi akisikia hivyo hana haja ya kuuliza pampu. Tuta limeikata, kishindo cha boneti kimeirudisha, na saa imesema ni umeme wa betri. Atakwenda kwenye temino na ethi, na mara nyingi hapo ndipo atakapoikuta.

Ukipata matukio mawili matatu yaliyoandikwa hivi, utaona yanaelekea upande mmoja. Inakatika kwenye matuta na mashimo: kitu kimelegea. Inakatika ikiwa ya moto, kwa mfano baada ya foleni ya Darajani au ukipanda vilima vya Pemba kati ya Chake na Wete, kisha inakubali ikipoa: sensa, koili (zinazotoa moto wa plagi), rilei au pampu. Inakatika kwenye mvua au asubuhi yake: maji yameingia mahali. Inakatika unapowasha vitu vingi kwa pamoja: alteneta, mkanda, au ethi isiyopitisha. Hitilafu moja inaweza kuwa na tabia mbili. Ethi iliyoliwa nusu inasumbuliwa na matuta na mzigo wa umeme pia.

Hatua ya 3: Temino na ethi, kwa utulivu

Hapa nitakaa, kwa sababu visiwani kwetu sehemu kubwa ya kesi huishia hapa. Upepo wa bahari unabeba chumvi, kaskazi na kusi, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Chumvi na unyevu vikikutana na shaba, risasi na chuma, vinakula. Gari inayolala Nungwi, Matemwe au Jambiani karibu na pwani inaliwa haraka kuliko inayolala Tunguu ndani.

Zima gari. Shika temino ya betri kwa vidole, uizungushe kulia na kushoto. Isisogee hata kidogo. Ikizunguka kwa nguvu ya vidole tu, umepata jambo la kwanza. Hapa kuna kasoro ya kwetu: gari nyingi ndogo za Japani zimekuja na temino nyembamba, na betri inayonunuliwa dukani inaweza kuwa na vichwa vya unene mwingine. Watu wanapachika kipande cha bati, au msumari, ili temino ibane. Inabana siku hiyo. Baada ya mwezi wa matuta imelegea, na bati lenyewe limefanya kutu. Nunua temino inayolingana na kichwa cha betri yako au nunua betri sahihi. Hakuna njia ya mkato nzuri hapo.

Kusafisha: fungua hasi kwanza, chanya baadaye, ukirudisha anza na chanya, malizia na hasi. Spana namba 10 inatosha kwa gari nyingi. Unga mweupe au wa kibuluu ulioganda ni asidi na kutu. Umwagie maji ya uvuguvugu yenye bekingi soda, usugue kwa brashi, suuza, kausha kabisa. Usiushike kwa mkono mtupu kisha ukajipangusa macho. Ndani ya temino na juu ya kichwa cha betri piga msasa laini mpaka risasi ing'ae. Funga, kaza, halafu paka grisi kwa nje. Grisi ukiipaka kabla ya kukaza inaweza kubaki katikati ya vyuma viwili.

Sasa fuata waya wa hasi. Umeme uliotoka chanya lazima urudi hasi, na njia ya kurudi ni bodi ya gari na injini yenyewe. Waya wa hasi una tawi linalokwenda kwenye bodi na jingine kwenye injini au gia boksi. Pale bolti linapobana, fungua. Ukikuta rangi, kutu au uchafu chini ya kichwa cha waya, kwangua mpaka uone chuma cheupe, funga tena. Kisha bonyeza waya wenyewe kwa vidole, kuanzia kichwani kurudi nyuma. Waya mzima ni mgumu kiasi na unajikunja sawasawa. Ukikuta sehemu ni laini, au inanong'ona kama mchanga unapoikunja, chana kidogo ganda lake. Ndani utaona shaba imegeuka unga wa kijani, nyuzi chache tu zimebaki. Kwa macho ya nje waya ulikuwa mpya. Huo usiuungie, badilisha wote.

Hatua ya 4: Mita

Mita ya bei ndogo inatosha. Iweke kwenye volti za moja kwa moja, kipimo cha 20.

Gari ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima inaonyesha karibu 12.6 V. Ikiwa 12.2 imebaki nusu. Ikiwa 12.0 imekaribia kwisha. Mtu mwingine apige stata huku unatazama: isishuke chini ya 9.6 au hivi. Ikishuka, betri imechoka au stata inavuta kupita kiasi.

Injini ikiwaka, washa taa kubwa na feni ya AC, upime tena kwenye betri. Tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13 na haipandi ukikanyaga mafuta, alteneta au njia yake ina kasoro. Zaidi ya 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika, na umeme wa kiasi hicho unachemsha betri, unaunguza taa na kuivuruga kompyuta. Sababu ya kusema uwashe taa kwanza ni kwamba baadhi ya gari za karibuni hupunguza kuchaji makusudi wakati hakuna mzigo, na unaweza kuilaumu alteneta isiyo na kosa.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokithamini zaidi, na gereji nyingi hazikifanyi. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha risasi cha betri chenyewe, ncha ya pili juu ya temino iliyokibana kichwa hicho. Ndiyo, ni sentimita moja tu kati yao. Mtu apige stata. Mita isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, umeme unapotea hapo hapo kati ya vyuma viwili vinavyoonekana vimegusana. Fanya hivyohivyo upande wa pili. Kisha, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, pima kutoka kichwa cha hasi cha betri mpaka chuma cha injini, halafu mpaka chuma cha bodi: isizidi 0.2 V. Ikizidi, ethi ndiyo mgonjwa wako. Ukitaka kupima upande wa chanya mpaka nyuma ya alteneta, kuwa mwangalifu sana, maana bolti lile lina umeme wa betri wakati wote. Spana au ncha ya mita ikigusa bolti na bodi kwa pamoja inatoa cheche kubwa.

Na hili nawaomba: usikubali mtu achomoe temino ya betri injini ikiwaka ili «kuona kama alteneta inachaji». Kwa gari za kabureta za zamani ilipita. Kwa gari yenye kompyuta, umeme unaruka ghafla kwa kukosa betri ya kuutuliza, na unaweza kuua kompyuta, redio au alteneta yenyewe. Mita inajibu swali hilohilo bila hatari.

Hatua ya 5: Ilazimishe ifanye makosa mbele yako

Gari ikiwa imesimama, handbreki juu, injini inawaka, redio na taa zimewashwa, tikisa. Anza na ufunguo: uchezeshe taratibu juu, chini na pembeni. Gari ikisita au dashibodi ikipepesa, swichi imechakaa, na mara nyingi sababu ni shada la funguo za nyumba, duka na kufuli ya geti vinavyoning'inia hapo miaka yote. Gonga sanduku la fyuzi kwa mpini wa bisibisi. Sukuma kila rilei kwa kidole. Shika vifurushi vya waya kimoja kimoja, uvikunje kidogo, hasa vinapopita karibu na injini na kwenye kona za chuma. Nguo pana, kanzu, ushungi na mikono viwe mbali na feni na mikanda. Feni ya AC inaweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati wowote.

Waya na soketi za manjano ni za mifuko ya hewa. Usizitikise, usizipime.

Ikiwa maandishi yako yanasema maji, chukua chupa ya kunyunyizia, ile ya kupulizia maua, unyunyize kidogo sehemu moja, subiri, kisha nyingine: soketi, koili, sanduku la fyuzi kwa nje. Usimwagie injini ya moto ndoo. Ikiwa yanasema joto, tumia draya ya nywele kuipasha rilei moja baada ya nyingine. Gari ikizimika ulipoipasha moja, umeipata.

Rilei pia zinabadilishana nafasi. Ikiwa ya honi na ya pampu zina namba ileile na mchoro uleule ubavuni, zibadilishe, uendeshe siku kadhaa. Ugonjwa ukihamia kwenye honi, jibu liko mkononi. Fyuzi nazo zitoe uziangalie, lakini mahali pa 15 weka 15. Fyuzi kubwa zaidi, kipande cha waya, karatasi ya sigara: hivyo vinauhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kuupeleka kwenye waya ulio chini ya miguu yako.

Hatua ya 6: Kazi za waliotangulia

Kila gari niliyoifungulia chini ya usukani nikakuta alamu ya kubandika, redio ya baadaye au kifaa cha kufuatilia gari (za kukodisha watalii zina hivi sana), naanzia hapo. Alamu inakata waya wa swichi au wa pampu na kuupitisha kwenye rilei yake ndogo. Rilei hiyo ikichoka, gari inazimika barabarani, na vipimo vyote vya gari vinatoka salama, kwa sababu gari haina kosa. Maungio yenyewe mara nyingi ni waya mbili zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu. Jua la hapa linayeyusha gundi ya tepu, inajifungua, waya unabaki wazi ukigusa chuma kila tuta.

Rudisha waya kama kiwanda kilivyouacha. Kama kifaa lazima kibaki, uungwe kwa lehemu na kufunikwa na mpira unaobana kwa moto, na ufungwe usining'inie.

Hatua ya 7: Sensa, koili na kodi

Sensa ya kranki inayokufa ikipata joto ina tabia inayojulikana: dakika ishirini thelathini safi, inazimika bila kukohoa, inapumzika, inawaka. Kisomaji, kifaa kinachochomekwa kwenye gari kusoma kodi (namba za makosa) za kompyuta yake, kinaweza kuonyesha P0335, ambayo ni ya sensa hiyo. P0340 ni ya sensa ya kemu (shafti inayofungua valvu za injini), P0562 ni volti ndogo kwenye mfumo, U0100 ni kompyuta ya injini kupoteza mawasiliano na nyingine. Kodi inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba: P0335 inaweza kuwa sensa nzima yenye soketi iliyojaa kutu. Na U0100 pamoja na kodi nyingine kumi zilizozuka kwa pamoja, kwa kawaida ni umeme mdogo au ethi, si kompyuta kumi zilizokufa siku moja. Gari nyingi za soko la ndani la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 hazijibu visomaji vya bei nafuu, kwa hiyo kisomaji kikikataa kuunganika usidhani gari imeharibika.

Maji, chumvi na panya

Wanaobeba samaki na barafu, au mwani mbichi kutoka pwani ya mashariki, maji ya chumvi yanapenya chini ya zulia na kulala juu ya soketi za waya zinazopita sakafuni. Nyanyua zulia ukalitazame. Likiwa limelowa, hakuna kipimo cha juu kitakachokufaa mpaka pakauke na soketi zisafishwe.

Gari inayolala chini ya mwembe, majani yanaziba njia za maji chini ya kioo cha mbele, na mvua za masika zinaingia ndani upande wa sanduku la fyuzi. Safisha hapo kabla ya Machi. Kuosha injini kwa mashine ya presha nako kunaleta kesi nyingi: gari inaoshwa Jumamosi, Jumatatu inaanza kukatika. Futa injini kwa kitambaa, inatosha. Panya wanapenda joto la injini na ganda la waya. Ukikuta kinyesi chao juu ya betri, kagua vifurushi vyote kwa tochi.

Haibridi

Kebo za rangi ya chungwa usiguse, usifungue, usipime, hata gari ikiwa imezimwa. Zina volti za kuua, na ni kazi ya aliyesomea na mwenye glavu zake. Unachoweza kuangalia mwenyewe ni betri ndogo ya 12 V, ambayo gari nyingi za aina hii huiweka nyuma. Ikichoka, dashibodi inajaa taa za kutisha, na watu wanaambiwa betri kubwa imekufa. Pima ndogo kwanza.

Ukienda kwa fundi

Mpe maandishi yako au msikilizishe sauti uliyorekodi. Akisema «hii ni alteneta», muulize kwa adabu: «Fundi, umepima wapi, na mita imesoma ngapi?» Fundi anayejua kazi anafurahi kuulizwa na atakuonyesha namba. Asiye na namba anakisia kwa fedha zako. Omba kifaa cha zamani urudishiwe, na omba kisibadilishwe zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Kazi ikimalizika, gari kuwaka gerejini hakuthibitishi kitu. Ilikuwa inawaka gerejini tangu mwanzo. Irudishe kwenye hali ileile uliyoiandika: barabara ileile, matuta yaleyale, AC imewashwa, saa ileile ya joto au mvua, mchana na mtu pamoja nawe. Plastiki za chini ya usukani na kifuniko cha sanduku la fyuzi viache bila kukaza skrubu zote mpaka safari hizo zipite salama.